Klachi ya Mama Mkwe

Nati iliyoganda haifunguki bila matusi. Sijui kwa nini, lakini ndivyo ilivyo. Ukiibembeleza inakukalia, ukiitukana inaona haya inatoka. Sasa jaribu kuifungua umelala chali chini ya gari, juu ya boksi lililokunjuliwa, oili nyeusi inakudondokea sikioni, na hapo pembeni, kwenye kiti cha plastiki, ameketi mama mkwe wako na mkongojo wake mapajani, anakutazama kama msimamizi wa mtihani. Utasema nini? Mimi nilisema, "Toka basi, mpenzi." Mama mkwe akacheka mpaka kiti kikalia.

"Unaongea na nani huko chini?"

"Na nati, Mama."

"Basi ongea nayo polepole, mke wako asisikie."

Mama mkwe wangu ni mwalimu wa udereva. Nasema "ni", sisemi "alikuwa", kwa sababu wiki ile mtu aliyekosea neno hilo mbele yake alikiona cha mtema kuni. Nusu ya madereva wa mji huu wamepita mikononi mwake: wauguzi, washonaji, waokaji mikate, hata yule bwana mkubwa wa posta ambaye kwa siku nyingi alikuwa akikanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Mimi nilikwenda kuposa binti yake nikiwa tayari fundi wa magari, leseni mfukoni, kichwa kimevimba. Mama akanipandisha garini, tukazunguka mtaa, tukarudi. Akazima injini akaniambia, "Binti nakupa. Usukani bado."

Gari lenyewe ni la zamani, linanizidi umri. Rangi ya maziwa, pua ya mviringo, milango mizito inayofungwa kwa sauti ya kabati la maana. Mama analiita Mwenzangu. Watoto wake wote wamekua wakimsikia akisema "ngoja nikamwoshe Mwenzangu", "leo Mwenzangu ana kiu", na jirani mmoja mgeni alikaa miezi akidhani mle ndani kuna mume mgonjwa.

Tatizo la Mwenzangu ni klachi. Magari ya enzi ile yaliundwa na watu waliodhani kila dereva ana mguu wa mbeba magunia. Springi nene, vyuma vinavyosukumana na vyuma, pedali ngumu kama kusukuma mlango uliofungwa. Mama aliisukuma miaka nenda miaka rudi bila kulalamika, mpaka siku alipoteleza kwenye ngazi za soko na kuvunja goti la kushoto. Wakampasua, wakalifunga kwa vyuma, likapona. Alipojaribu kuendesha tena, mguu ukamwishia nguvu pedali ikiwa nusu, Mwenzangu akaruka mbele na kuubusu ukuta wa mshonaji. Ukuta haukupata kitu, gari halikupata kitu. Lakini Mama alishuka, akampa mke wangu funguo, akaingia ndani akajifungia. Mke wangu anasema hakuwahi kumsikia mama yake akilia kabla ya siku ile.

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Kaka yake mke wangu ni mtu mwema sana, roho safi, ila akishaamua jambo ameamua. Anaishi mbali, ana nyumba nzuri. Akamwandalia mama yake chumba: kitanda kipya, runinga, pazia, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mwenzangu naye akamtafutia pa kwenda. Kuna hoteli moja ililitaka gari la kale la kuweka mlangoni, wapande maua juu ya boneti. Maua! Niliposikia habari hiyo nilikuwa nimeshika nyundo, na nashukuru hapakuwa na mtu karibu.

"Kama ni kuendesha tu," shemeji alisema kwenye simu, "nitamnunulia Mama gari lisilo na klachi."

"Hilo si gari," Mama akamjibu, "hicho ni kiti cha kusukumwa. Wanafunzi wangu nitawafundisha nini, kukaa?"

Wakavutana hivyo mpaka simu ikapata moto. Mwishowe shemeji akatoa neno lake: Jumamosi anakuja. Mama akiweza kumtoa Mwenzangu gereji na kumfikisha nyumbani kwa mguu wake mwenyewe, kwa njia ya mlima wa hospitali, ambako hata vijana wanarudi kinyumenyume, basi yeye hatafungua tena mdomo. Akishindwa, Mama atafunga virago waondoke pamoja siku hiyohiyo. Mama akasema, "Nimekubali." Akakata simu, akanigeukia. "Umesikia, mkwe."

Nilisikia. Nikapiga moyo konde nikasema, "Niachie mimi, Mama," halafu nikaenda nyuma ya gereji kujiuliza nimesema nini.

Wazo lilinijia mezani, kijiko kikiwa njiani kuelekea mdomoni. Nyuma ya gereji yangu kulikuwa na pikapu ndogo iliyogongwa mbele mpaka injini ikapasuka, lakini giaboksi yake nzima, na klachi yake ni ile ya mafuta, laini, unakanyaga kama unakanyaga mto wa kulalia. Kwa nini nisiitoe ile giaboksi pamoja na klachi yake nikaifunga kwenye injini ya Mwenzangu? Nikaacha kijiko. Mke wangu akauliza nini tena. Nikamwambia, "Ninamwozesha Mwenzangu!" Nikatoka mbio, chakula kikabaki kinapoa.

Kusema kweli ilikuwa ndoa ya mashaka. Injini ya bibi na giaboksi ya kijana hazijuani kabisa. Matundu ya bolti hayalingani, shafti moja ndefu nyingine fupi, kila kitu kinatazama kwake. Dawa yake ni bamba, kipande cha chuma kipana kinachokaa katikati: upande huu kina matundu ya injini, upande ule kina matundu ya giaboksi, kila mmoja anadhani amekutana na ndugu yake. Na mtu wa kutengeneza bamba kama hilo ni mmoja tu, jirani yangu mkereza vyuma, ambaye mtaa mzima unamwita Cheche kwa sababu shati lake lina matundu ya moto kuliko vifungo.

Cheche ni bingwa, lakini ana masikio ya kupumzika. Mashine yake inanguruma kutwa, kwa hiyo anaongea kwa maneno machache na anajibu swali alilolisikia yeye, si ulilouliza. Nilipomweleza kazi, macho yakamwaka. "Lete," akasema. Basi. Nikajua amefurahi, maana siku za kawaida hasemi hata hilo.

Loo, siku zile! Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kuwaza, naenda gereji huku nafunga vifungo njiani. Mama naye anafika na taksi, anakagua, anaketi kwenye kiti chake. Giaboksi ya zamani ikatoka, nati mpenzi zote zikakubali hatimaye, ingawa kwa kubembeleza peke yake mikono iliniuma mpaka mabegani. Mama akaipapasa ile giaboksi pale sakafuni, akaiambia ahsante. Kisha akaniuliza, "Na huyo mpya ana gia ngapi?" Nikamwambia tano. "Tano! Mwenzangu atajiona yuko ndegeni."

Bamba likaja. Cheche alilibeba mwenyewe, amelifunga kwenye gunia kama mtoto mchanga. Tukaliweka nyuma ya injini, nikaingiza bolti ya kwanza kwa vidole. Ikaingia. Ya pili ikaingia. Nilipoizungusha ya mwisho ikaingia bila hata kunung'unika, nikapiga yowe, Cheche akapiga yowe, tukakumbatiana tukiwa grisi tupu, na Mama akawa anagonga sakafu kwa mkongojo kama anapiga ngoma. Mpita njia akachungulia kuuliza kama tumepata mtoto.

Kazi ikashika kasi. Cheche akatoboa matundu mapya kwenye lile gurudumu zito la nyuma ya injini ili klachi ya pikapu ipate pa kukaa. Akakata propela, lile bomba linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ikawa fupi, akaiunga. Mimi nikatafuta pa kupitisha mkono wa gia, nikafunga bomba jembamba la mafuta ya klachi kutoka kwenye pedali. Ikabaki sahani.

Sahani ya klachi ni duara ambalo likibanwa gari linakwenda, likiachiwa gari linapumzika. Ina pande mbili. Upande mmoja umelala, upande wa pili una uvimbe katikati wenye springi ndogondogo, na huo uvimbe sisi mafundi tunauita tumbo. Kwa kawaida tumbo linatazama giaboksi. Hilo nalijua nikiwa usingizini. Lakini hapa palikuwa na bamba la kigeni, na Cheche alikuwa amelichimba lile gurudumu katikati, nikawa na wasiwasi: je, amelichimba ili tumbo liingie huko? Mikono yangu imejaa grisi, na Mama amechoka kukaa.

"Nitakwenda mimi kumwuliza," akasema. "Daktari anataka nitembee."

Akaenda na mkongojo wake, kok, kok, kok, mpaka kwa Cheche. Akarudi kifua mbele. "Amesema tumbo liangalie mbele."

"Mbele, Mama?"

"Mbele. Nimemwuliza mara mbili, na mara zote mbili amesema mbele."

Niambieni nyinyi: utamwambiaje mwanamke aliyefundisha mji mzima mbele na nyuma kwamba hajui mbele ni wapi? Tena mama mkwe? Nikageuza tumbo litazame mbele ya gari, kwenye injini, nikakaza kila kitu. Mke wangu akaja kutusaidia kutoa hewa kwenye bomba la mafuta, yeye kwenye pedali, mimi chini.

"Kanyaga! Shikilia! Achia!"

"Usinipigie kelele."

"Kanyaga, mke wangu mpenzi!"

"Hapo sawa."

Ijumaa alasiri tukawasha. Injini ikaitika vizuri, sauti ileile ya Mwenzangu. Mama akaketi kwenye usukani, akaweka mguu wa kushoto kwenye pedali, akakanyaga, na pedali ikashuka yote mpaka chini. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. "Mkwe! Ni laini! Mkwe, imeshuka yote!" Mke wangu akaanza kurukaruka. Nami nikaruka, nikagonga kichwa kwenye boriti, sikujali.

"Haya, tia gia ya kwanza, Mama."

Krrrrrrr!

Akajaribu tena. Krrrrrr! Akasukuma kwa nguvu, gia ikaingia, na Mwenzangu akaruka kama ameumwa na nyuki, pedali ikiwa chini kabisa. Injini ikazima.

"Ni mguu wangu," Mama akasema.

"Hapana, Mama."

"Ni mguu wangu. Nadhani umefika chini, kumbe haufiki."

Nikamwomba ashuke, nikaingia mimi, nikakanyaga kwa mguu wangu mzima wenye afya. Krrrrrr! Akaingia mke wangu. Krrrrrr! Nikamwambia Mama, unaona, sote imetukataa. Lakini alikuwa ameshageuza uso. "Mnanionea huruma," akasema. "Mnafanya makusudi nisijisikie vibaya." Akaketi kwenye kiti chake, akaanza kufunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja, hali jua lilikuwa bado kali. Nilimwangalia mikono yake, na nilijua kichwani mwake ameshaanza kupanga nguo kwenye sanduku.

Damu ikanichemka. Nikavuka kwenda kwa Cheche nikiwa na spana mkononi, mke wangu nyuma yangu anaita jina langu la nyumbani.

"Cheche! Ulisema tumbo liangalie mbele?"

"Ndiyo. Mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele!" Akashika kipande cha chuma kilichokuwa kwenye mashine, akakielekeza kifuani mwake. "Mbele, huku! Kunakonitazama!"

Kwa mkereza vyuma, mbele ya kitu ni upande unaomtazama yeye anapokifanyia kazi, ule anaouona, ule anaoushika. Na sahani ya klachi unaifunga ukiwa umesimama nyuma ya injini. Mbele yake Cheche ni nyuma ya gari! Ni palepale ninapopajua, kwenye giaboksi! Tumbo la sahani lilikuwa linakwaruza gurudumu na kukataa kuachia, haijalishi nani anakanyaga, hata angekanyaga tembo.

Nilirudi mbio. "Mama! Mbele ya Cheche si mbele yako!"

"Unasema nini wewe?"

Nikamweleza. Nikachukua sahani ya chai, nikaigeuza mara hii, nikaigeuza mara ile, nikasimama mahali pa Cheche, nikakimbia kusimama mahali pa kioo cha mbele. Mama alifuata kila hatua kwa macho. Mwisho akauliza swali moja tu, taratibu.

"Kwa hiyo si mguu wangu?"

"Si mguu wako, Mama. Haki ya Mungu."

Mabega yake yakaanza kucheza, nikadhani analia, na alikuwa analia kweli, lakini katikati ya machozi kicheko kikamponyoka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Miaka yote hii nafundisha watu mbele na nyuma! Kumbe mbele ya mkereza siijui!" Cheche, aliyekuwa amenifuata kwa mbali kwa kuogopa spana yangu, akaomba radhi. Mama akamwambia radhi aombe kesho, leo alete jeki yake.

Jumamosi jua likichomoza tulikuwa tumeshamnyanyua Mwenzangu. Kazi ya siku kadhaa inatakiwa ifanywe upya kabla shemeji hajafika. Nikalala kwenye boksi langu, nikashika nati ya kwanza, nikavuta pumzi kuibembeleza. Ndipo nikasikia Mama anafungua kile kisanduku changu cha huduma ya kwanza. Akachomoa pamba, akakata vipande viwili, akajitia sikio hili na sikio lile.

"Haya, mkwe," akasema kwa sauti kubwa ya kiziwi. "Mimi sisikii kitu. Fanya kazi yako."

Jamani! Niliyoyasema asubuhi ile siwezi kuyaandika. Niliitukana nati, nikamtukana aliyeibuni, nikaitukana familia yake na mtaa waliopanga. Na nati zilitoka! Zilitoka kama zinakimbia aibu! Mke wangu alikuwa anazikusanya kwenye kopo huku ameziba uso kwa kanga, anatikisika. Mama ametulia tuli, anatazama dari. Mara moja tu nilimwona midomo yake inacheza, hapo niliposema jambo kuhusu bibi yake bolti, nikajua pamba ile haikuwa nzito sana.

Tukaitoa giaboksi, tukageuza sahani, tumbo likatazama linakotakiwa. Tulikuwa tunairudisha giaboksi, iko juu ya jeki, inayumba, shafti inatafuta tundu haioni, ndipo gari safi likasimama mlangoni. Shemeji akashuka. Shati jeupe, viatu vinang'aa. Akatazama Mwenzangu aliyening'inia hewani, vyuma chini, mimi miguu nje, mama yake na pamba masikioni.

"Hili ndilo gari la kuendeshwa leo?"

"Sikusikii!" Mama akamjibu.

Mimi kule chini nilikuwa nakufa. Jeki ilikuwa inateleza, Cheche ameshika upande mmoja, mke wangu hafiki, giaboksi inataka kuniangukia kifuani. "Shemeji!" nikapiga kelele. "Lawama baadaye! Shika hapa!"

Nitamsifu mpaka kesho. Hakuuliza shati. Alipiga magoti kwenye oili, akaingiza mikono yote miwili, akainua.

"Kulia kidogo!"

"Kulia kwa nani?"

"Kwako! Kulia kwako, shemeji! Sasa juu! Juu kwa kila mtu!"

Shafti ikapata meno ya sahani, ikateleza ndani, giaboksi ikabusu bamba kwa mlio mmoja mdogo: tap. Hakuna sauti tamu kama hiyo duniani. Shemeji akanitazama kupitia kati ya vyuma, uso una grisi, macho yamemtoka. "Imeingia?" akaniuliza. "Imeingia, shemeji!" Akacheka kama mtoto. Halafu nadhani akakumbuka amekuja kufanya nini, akaacha kucheka.

Mchana tulimshusha Mwenzangu chini. Mama akatoa pamba, akaingia kwenye usukani, shemeji akaketi kando yake, mimi na mke wangu nyuma. Cheche alibaki mlangoni ameshika kofia mkononi. Mama akawasha. Akakanyaga klachi. Akashika mkono wa gia, akausukuma, na gia ikaingia bila sauti yoyote, kama kisu kwenye siagi. Mke wangu akaniminya paja mpaka leo nina alama.

Tukatoka. Tukapita duka la magodoro, tukapita seremala, gia ya pili, gia ya tatu. Goti la Mama lilikuwa linapanda na kushuka, nilikuwa nalitazama kati ya viti kama mtu anayetazama mpira. Watu wakaanza kumtambua. "Mwalimu! Mwalimu huyo!" Muuguzi mmoja akapunga mkono kituoni. Alipotia gia ya nne akavuta pumzi ndefu, ya tano akasema, "Hee, ndege hii," na mimi na mke wangu tukapiga makofi.

Kisha ukaja mlima wa hospitali. Mrefu, umesimama, una taa za kuongoza magari katikati yake. Mbele yetu lori la mchanga linakokota. Tulipofika katikati, pale pabaya kabisa, taa zikawa nyekundu, lori likasimama. Mama akasimama nyuma yake. Nilimwona shemeji anaupeleka mkono kwenye handibreki.

"Ondoa mkono," Mama akasema.

Taa zikawa kijani. Lori likaondoka. Mama akaiachia klachi mpaka inaposhika, akatoa mguu kwenye breki, akakanyaga mafuta kidogo. Mwenzangu hakurudi nyuma hata unywele. Hakwenda mbele pia. Alikaa palepale, katikati ya mlima, anatetemeka kidogo, ameshikiliwa na mguu wa kushoto wa Mama peke yake.

Nyuma yetu honi ya kwanza ikalia.

"Mama, twende," shemeji akasema.

"Twende wapi?"

"Twende, taa zimeruhusu."

"Nimeziona. Nakuuliza twende wapi?"

Honi ya pili, ya tatu, mlima mzima. Mama anatazama mbele, mikono imetulia kwenye usukani, jasho linamtiririka kwenye shavu. Na mimi, kule nyuma, nikasikia harufu. Naijua harufu hiyo. Ni sahani yangu, ile tuliyoiweka asubuhi, inaungua! Nikang'ata ulimi. Nilijua ni mama mkwe, nilijua si mahali pangu, nilivumilia mpaka pale uvumilivu ulipokwisha.

"Shemeji, mjibu!" nikapiga kelele. "Mjibu, klachi inaungua!"

Shemeji alikuwa anautazama ule mguu. Ulikuwa unatikisika, lakini haukuwa umeshuka wala kupanda.

"Nyumbani," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwako, Mama." Akamgeukia. "Nyumbani kwako. Twende."

Mama akaachia klachi, na Mwenzangu akapanda mlima. Shemeji akajipangusa macho kwa mikono yote miwili, akajipaka grisi ile ya giaboksi mpaka masikioni, na hakuna aliyemwambia.